Mama Mkwe Alivyonikanyagia Breki

Mimi ni fundi umeme wa magari. Kazi hii nimeifanya miaka mingi Ngara mjini, kwenye gereji ya wazi nyuma ya maduka, na watu wa huku taa zikigoma au gari likikataa kuwaka hunitafuta mimi kwanza. Sisemi hivi kwa kujisifu. Nasema ili ieleweke kwamba pikapu iliyobeba jeneza la mke wangu kutoka Biharamulo hadi nyumbani kwetu Kibimba haikuwa na taa za breki, na pikapu hiyo ilikuwa yangu.

Mke wangu alikuwa amekwenda Biharamulo kwa basi kumsaidia mdogo wake aliyekuwa amejifungua. Aliondoka mzima, amebeba mkungu wa ndizi na kikapu cha maharage. Siku ya tano alishikwa na tumbo. Walimpeleka hospitali, akafanyiwa upasuaji, na asubuhi iliyofuata shemeji yangu alinipigia simu. Nilikuwa chini ya lori, ncha ya waya nimeibana kwa meno.

"Shemeji," alisema, "njoo na gari."

Hakusema zaidi, nami sikuuliza. Nilimaliza kuunga ule waya, nikauzungushia utepe mweusi, nikamwambia dereva wa lori ajaribu indiketa. Ikawaka. Ndipo nikanawa mikono kwa petroli na sabuni, nikachukua gari, nikaondoka. Mpaka leo sijielewi kwa nini niliumaliza kwanza ule waya.

Ya hospitali nayakumbuka kidogo tu. Kuna karatasi niliyosaini kwenye ukingo wa dirisha kwa sababu meza ilikuwa imejaa. Kuna mfuko wa nailoni wenye nguo zake, kandambili na simu, nikaufunga fundo kisha nikaufungua nikaufunga tena. Shemeji na mume wake walishughulika na jeneza. Watu walinishika mkono, wakanipa pole, nikawajibu. Nilijisikia kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, ganzi bado haijaisha: unajigusa shavu, unajua ni lako, lakini husikii kitu.

Tuliondoka tukiwa magari mawili. Mimi niliendesha pikapu, jeneza nyuma limefunikwa turubai na kufungwa kamba, mume wa shemeji akiwa amekaa kando yake. Ndugu wengine walifuata kwenye gari dogo la kukodi. Walinikataza kuendesha. Niliwaambia gari lina tabia zake, halimzoei mtu mwingine. Kweli ilikuwa kwamba sikujua ningefanya nini na mikono yangu kwa safari nzima kama nisingeshika usukani.

Barabara ile ya Lusahunga kwenda Nyakahura ina malori mengi ya kwenda Rwanda na Burundi, na kila nilipokanyaga breki kwenye mteremko niliona kwenye kioo lile gari dogo linavyotukaribia mno, kisha linayumba kukwepa. Niliona, lakini sikufikiri lolote. Kabla ya Nyakahura trafiki alinisimamisha. Alikuwa mwanamke, bado kijana, amevaa glavu nyeupe.

"Habari za safari, mzee. Kanyaga breki."

Nikakanyaga. Akazunguka nyuma, akarudi dirishani.

"Kanyaga tena. Taa zako za breki haziwaki hata moja." Kisha akatazama turubai. "Umebeba nini?"

"Mke wangu," nikasema.

Alirudi nyuma, akazungumza na mume wa shemeji, akamtazama dereva wa gari dogo. Aliporudi alikuwa amevua kofia.

"Pole sana, mzee. Mwambie mwenzako wa nyuma akae mbali kidogo na awashe taa zake zote za tahadhari. Nenda polepole. Na msiba ukiisha, usiliingize gari hili barabarani kabla hujalipeleka kwa fundi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Sikumwambia kwamba fundi ni mimi.

Tulizika kesho yake. Jumuiya walikuja, katekista aliongoza sala, padre alifika, wanawake walipika chini ya migomba. Binti yetu alikuja kutoka shule ya bweni, akalia mpaka sauti ikakauka, nami nilikaa karibu naye nikiwa nimeweka mkono begani kwake, nikiona mkono ule kama wa mtu mwingine aliyeusahau pale. Watu walisema nimejikaza kiume. Hakukuwa na kujikaza kokote. Mtu anajikaza pale anapokuwa na kitu cha kukizuia.

Matanga yalipokwisha watu waliondoka mmoja mmoja. Binti alirudi shuleni kwa sababu ya mitihani. Kaka zangu walirudi makwao. Aliyebaki ni mama mkwe wangu, mjane, mtu wa Kirushya, ambaye goti lake la kulia lilikuwa limevimba kwa kukaa chini siku zote zile. Asingeweza kupanda pikipiki. Tukakubaliana, kwa kupitia jirani, kwamba nitampeleka mimi kwa pikapu.

Nasema kwa kupitia jirani kwa sababu mimi na mama mkwe hatukuwa tunazungumza hivi hivi. Si ugomvi, ni heshima ya kwetu tu. Kwa miaka yote ya ndoa yangu, alipokuja kututembelea, akipita uani mimi huingia ndani. Salamu zetu zilikuwa za mbali, macho chini, na jambo lolote la maana lilipitia kwa mke wangu. Sikuwahi kula mbele yake. Sikuwahi hata kumtazama usoni kiasi cha kujua ana kovu dogo juu ya nyusi. Sasa mtu aliyekuwa akibeba maneno yetu hayupo, na nyumba ina watu wawili wanaokwepana.

Asubuhi ya siku niliyopanga kumpeleka, nilikumbuka maneno ya yule trafiki. Nilileta sanduku la vifaa uani, nikaegesha pikapu pembeni ya jiko. Kazi ya taa za breki inahitaji watu wawili, mmoja akanyage, mwingine atazame nyuma. Fundi akiwa peke yake huchukua kipande cha mti, akakikaza kati ya pedeli na kiti. Nilikuwa nazunguka jikoni nikitafuta kipande cha urefu unaofaa, na nikaona mama mkwe amesimama mlangoni na fimbo yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unatafuta nini tangu asubuhi?"

"Mti, mama. Wa kukanyagia breki."

Alilitazama gari, akanitazama mimi, tena usoni.

"Kwani mimi sina miguu?"

Alikuja akichechemea, akafungua mlango wa dereva mwenyewe, akaweka fimbo kando, akashika usukani kwa mikono miwili na kujivuta juu mpaka akakaa. Goti bovu ni la kulia, kwa hiyo aliketi upande kidogo ili mguu wa kushoto ufike kwenye breki. Nilimwonyesha pedeli ipi. Akaikanyaga mara moja kujaribu, kama mtu anayejaribu kama udongo umelowa.

Sisi nyumbani tunazungumza Kihangaza, na katika Kihangaza sijui hata leo ningemwamrishaje mama mkwe. Kuna namna ya kuzunguka, kuna maneno ya kuweka kwanza. Lakini maneno ya gari nimejifunza kwa Kiswahili gerejini, na Kiswahili cha gerejini kina maneno mawili tu kwa kazi ile. Nikajikuta niko nyuma ya gari, nimechuchumaa, naita kwa sauti:

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Achia!"

"Nimeachia."

Sauti yake ilitoka mbele bila hasira wala aibu. Nikaendelea.

Nilianza na globu. Nilifungua vifuniko vya taa za nyuma, nikazitoa globu zote mbili, nikazitazama dhidi ya anga. Nyuzi zake za ndani zilikuwa nzima. Nilizijaribu moja kwa moja kwenye betri, zikawaka vizuri. Nikachukua testa, ile yenye globu ndogo ndani ya mpini na sindano mbele, nikabana mkia wake kwenye chuma cha bodi, nikachomeka sindano kwenye waya wa breki.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

Testa haikuwaka. Umeme haukuwa unafika nyuma kabisa. Nikaenda kwenye sanduku la fyuzi, nikaichomoa fyuzi ya breki, nikaikagua. Nzima. Nikapima pande zake mbili. Umeme upo.

Mtu mwingine akiniletea gari la namna hiyo, hapo tayari ningekuwa najua pa kwenda. Umeme unatoka kwenye fyuzi, unashuka hadi kwenye swichi ndogo iliyo juu ya pedeli, na kutoka pale unakwenda nyuma. Fyuzi ikiwa nzima na nyuma hakuna kitu, unainama chini ya dashibodi, unatazama swichi. Ni kazi ya dakika chache. Nimeshawafundisha wengine hivyo.

Mimi nilikwenda nyuma. Nililala chini ya gari, nikaanza kuufuata waya kutoka kwenye taa kuja mbele, shibri kwa shibri. Nilikata utepe wa zamani, nikafungua waya, nikachoma sindano, nikaita "Kanyaga", nikasubiri testa isiwake, nikaita "Achia", nikafunga utepe mpya, nikasogea. Waya ulikuwa mzima kila mahali. Ilikuwa wazi kuwa ni mzima. Lakini kule chini kulikuwa na kivuli na harufu ya grisi, na kila nilichogusa nilijua jina lake na kazi yake, na hakuna aliyekuwa akinipa pole. Sikuwa na huzuni. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa na huzuni. Nilikuwa na utepe, plaizi na waya.

Jua lilipanda. Jirani alipita na jembe begani akitoka shambani, akasimama, akaona mama mkwe wangu amekaa kwenye usukani na miguu yangu imetokeza chini ya gari. Akasalimia haraka, akaenda zake. Nadhani habari ilifika Kirushya kabla yetu.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga." Kisha akaita, "Mkwe."

"Naam, mama."

"Huu uzi wa hapa chini ni wa kazi gani?"

Nilitambaa nikatoka. Nilikuja mlangoni, nikachuchumaa karibu na miguu yake, jambo ambalo siku nyingine ingekuwa fedheha. Alinyoosha kidole. Chini ya dashibodi, juu kidogo ya pedeli, soketi ya swichi ya breki ilikuwa imechomolewa. Nyaya zake mbili zilikuwa zimevutwa pembeni zisiguse miguu ya dereva na kufungwa kwenye nguzo ya usukani kwa uzi mweusi. Si utepe wa fundi. Ni ule uzi wa dukani wa kusukia nywele, umezungushwa mara nyingi, na mwisho wake una fundo dogo lililobana.

Nilielewa mara moja kwa nini taa hazikuwaka. Mama mkwe alikuwa amekanyaga breki asubuhi nzima kwa ajili ya swichi ambayo haikuunganishwa na chochote.

"Nilidhani ni kitu cha gari," alisema. "Kumbe huu ni uzi wa nywele."

"Ndiyo, mama."

"Fundo hili nimemfundisha mimi."

Niliendelea kulitazama lile fundo. Mke wangu ndiye aliyekuwa akiendesha pikapu siku za soko. Nilimfundisha mwenyewe, na alikuwa na mazoea ya kusimama karibu nami nikitengeneza na kuuliza hiki kinafanya nini, na kile. Kwa hiyo alijua swichi iko wapi. Lakini kwa nini aichomoe?

"Hakukwambia?" mama mkwe aliuliza.

"Kuniambia nini?"

"Aliniambia kwenye simu, kabla hajaenda Biharamulo. Kwamba gari limeanza kula betri. Kwamba limelala uani, ufunguo hauko, lakini taa nyekundu za nyuma zimewaka zenyewe. Mara ya kwanza alilisukuma na vijana wa jirani. Mara ya pili akasema hapana, akachomoa kitu. Nikamuuliza, mumeo anajua? Akasema, nimemwambia, amesema sawa."

Hilo neno nililikumbuka. Sikukumbuka alichosema yeye, si sauti yake, si siku gani, si alikuwa amesimama wapi. Nilikumbuka tu mimi nikisema "sawa", nimeinamia sahani au simu, vile mtu anavyosema sawa ili mazungumzo yaishe. Nilisema sawa, nikawa naendesha gari mjini kila siku, nikienda gerejini kutengeneza taa za watu.

Nilingoja kitu kije. Nilikuwa nimechuchumaa pale, mkono umeshika ukingo wa mlango, nikajiambia, sasa kitakuja. Hakikuja. Nilisikia kuku wakiparuza nyuma ya jiko. Nikasema, "Basi ngoja niunganishe nyaya."

Nilitaka kuukata ule uzi kwa plaizi. Mama mkwe akasema, "Usikate." Aliinama kwa taabu, vidole vyake virefu vikatafuta mwanzo wa fundo, na akalifungua. Ilimchukua muda. Aliuzungusha uzi kwenye kidole chake, akauchomoa ukiwa kama pete, akaufunga kwenye pindo la kitenge chake.

Nikairudisha soketi mahali pake. Ikabana kwa mlio mdogo.

"Kanyaga, mama."

Nilikwenda nyuma. Taa zote mbili zilikuwa zinawaka, nyekundu safi.

"Achia."

"Sijakanyaga bado," alisema.

Kumbe ndiyo ile aliyoiona mke wangu: taa zinawaka bila mtu kukanyaga. Nilirudi, nikamwomba mama mkwe ashuke, nikajilaza chali kwenye sakafu ya gari, kichwa kikiwa kwenye pedeli, miguu nje. Swichi ya breki si kitu kikubwa. Ina kidole chake kidogo mbele. Pedeli ikiwa imetulia, mkono wake wa chuma unakisukuma kile kidole ndani, na taa zinazima. Ukikanyaga, mkono wa pedeli unaondoka, kidole kinatoka nje, taa zinawaka. Kwenye mkono ule, pale panapogusana na kidole, kuna tundu, na tundu hilo huzibwa na kipande cha plastiki. Gari likizeeka, plastiki hukauka na kupasuka. Kidole kinapenya kwenye tundu, hakisukumwi tena, na gari linadhani umekanyaga breki mchana na usiku.

Plastiki haikuwepo. Nilipapasa kwenye zulia, nikaokota vipande vyake vitatu, vimekuwa vya njano, vinavunjika kama ganda la yai. Mke wangu asingejua kwamba shida ni kipande kile. Lakini aliona taa zinawaka pasipotakiwa, akatafuta umeme unapopita, akaukata pale pale, na akazifunga nyaya zisimtege mtu. Vijana waliofanya kazi gerejini kwangu miezi na miezi wasingefanya hivyo. Na angekuwapo ningemwambia.

Plastiki ya namna ile haipatikani Kibimba. Nilitafuta kwenye sanduku bolti fupi yenye kichwa bapa, nikaipitisha kwenye tundu, nikaikaza kwa nati upande wa pili, nikatia tone la gundi isije ikalegea. Kisha nikailegeza swichi yenyewe na kuisogeza mbele na nyuma mpaka kichwa cha bolti kikakisukuma kidole sawasawa. Taa zikazima.

Sasa mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti, mguu kwenye pedeli, na nyuma hakuna mtu.

"Mama, unaweza kutazama nyuma?"

Alishazunguka. Nilimwona kwenye kioo, amesimama na fimbo yake, kitenge cheusi begani, anazitazama taa kwa makini, amekunja uso.

"Niko hapa," akasema. "Kanyaga!"

Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile niliyokuwa nikimpigia mimi tangu asubuhi. Nikakanyaga.

"Zimewaka. Zote mbili. Achia!"

"Nimeachia."

"Zimezima. Kanyaga tena!"

Tulifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema imetosha.

Tuliondoka mchana. Alikaa mbele, pembeni yangu, kwa sababu goti lisingemruhusu kukaa kwingine. Barabara ya kwenda kwao ina mashimo na vumbi jekundu, na kwenye kila shimo alishika dashibodi. Mara moja tu alisema, "Wewe hulali." Nikasema nalala. Akasema, "Nakusikia ukitembea." Basi.

Tulipofika Kirushya, maharage yake yalikuwa yameanikwa uani juu ya mikeka, jirani yake alikuwa ameyatoa asubuhi, na wingu zito lilikuwa limeshasimama juu ya kilima. Kabla sijazima injini upepo ulianza. Mama mkwe alifungua mlango, akashuka bila fimbo.

"Mkwe, maharage!"

Nilikimbia. Nilishika pembe mbili za mkeka, yeye akashika mbili, tukaukunja na kuuburuta mpaka ndani. Tukarudi kwa wa pili. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa na ya baridi. Wa tatu ulikuwa mzito kuliko yote, yakamwagika kidogo mlangoni, nasi tukapiga magoti wote wawili, tukiyazoa kwa viganja, vichwa vyetu vikikaribiana kugongana, mvua ikitupiga migongoni. Alikuwa anahema. Alisema kitu kwa Kihangaza, tusi dogo la wanawake kwa mvua, na nilitambua kwamba mke wangu alikuwa akilisema lile lile, kwa namna ile ile ya kuvuta mwisho wa neno.

Mvua ilikaa muda mrefu. Nyumba yake ina chumba kimoja cha mbele, hakukuwa na pa kukimbilia. Alipasha moto ndizi na maharage yaliyokuwa kwenye chungu, akapakua kwenye sahani, akaniwekea juu ya kigoda. Kisha akageuza kiti chake, akakaa akitazama ukuta, amenipa mgongo, na akaanza kula sahani yake.

"Kula," alisema kwa ukuta.

Nilikula. Siku zile chakula kilikuwa hakina ladha, na hiki nacho hakikuwa na ladha, lakini nilikimaliza. Aliposikia kijiko kimetua aliniuliza, bila kugeuka, kama nitaongeza. Nikasema ndiyo. Baada ya hapo nililala pale pale kwenye mkeka kando ya rundo la maharage, nguo zikiwa mbichi, na aliponiamsha mvua ilikuwa imekwisha na jua bado lipo. Akasema niwahi, barabara inateleza.

Nimeendelea kwenda Kirushya. Kwanza nilikwenda kwa sababu ya maharage, kuyapeleka sokoni, kisha palizi, kisha paa lake lilivuja. Sasa naenda tu. Bado hatutazamani sana. Gerejini narudi kila siku, na nikitengeneza taa za breki huanza pale panapostahili, chini ya dashibodi.

Kulia nililia, lakini si siku ile wala mwezi ule. Nilikuwa dukani Ngara mjini nanunua sabuni ya kufulia, muuzaji akaniuliza nataka ya kipande au ya unga. Sikujua. Sikuwahi kujua sisi tulikuwa tunatumia ipi. Muuzaji alisubiri, akauliza tena, nami nikasimama pale kwenye kaunta, watu nyuma yangu, machozi yakanitoka, nikayafuta kwa mikono yenye grisi. Alinipa zote mbili. Nikashukuru, nikaenda nyumbani kufua.